Je, Mwanao Yuko Tayari kwa Chekechea?

Mwaka mpya wa shule huanza mwezi Januari. Wiki chache kabla ya hapo, swali moja husikika katika nyumba nyingi za Morogoro, kuanzia Kihonda na Mwembesongo mpaka juu kabisa Mgeta na Matombo: "Huyu mdogo naye tumpeleke, au tumwache mwaka mmoja zaidi?" Mwezi huu tutajaribu kulijibu swali hilo kwa upande wa afya ya mtoto.

Tuanze na kisa kimoja. Bibi mmoja kutoka kijiji cha milimani alikuja kliniki akiwa amembeba mjukuu wake mgongoni, mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu. Baada ya salamu alisema: "Mwanangu, huyu alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani. Sasa ameanza tena. Uji hataki, usiku anaweweseka. Nadhani ana minyoo, au homa iliyojificha."

Mtoto alipimwa. Malaria haikuonekana, mkojo ulikuwa safi, uzito ulikuwa haujaanza kupungua. Ndipo bibi akaulizwa ni kitu gani kimebadilika nyumbani. Akafikiri kidogo, akajibu: "Labda shule. Ameanza mwezi uliopita."

Mama wa mtoto huteremka mjini kuuza kabichi na karoti, na mjomba ndiye aliyeshauri mtoto apelekwe shule kwa kuwa "ana akili, anajua kuhesabu hadi ishirini". Basi mtoto akawa anaamshwa kabla ya mapambazuko, anafuatana na kaka yake wa darasa la tatu, wanateremka bondeni, wanavuka kijito, halafu wanapanda upande wa pili. Darasani alikaa na watoto wengi waliomzidi umri na mwili. Alikuwa anaogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na tundu la choo lenyewe lilikuwa kubwa kwake. Tumboni hakuwa na kitu mpaka saa saba mchana.

Ugonjwa wa mtoto yule haukuwa minyoo wala malaria. Alikuwa amepewa mzigo kabla mabega hayajakomaa.

KUSHIKA SIKIO

Bibi yule aliuliza swali la maana: "Mbona zamani tulikuwa tunapima kwa sikio tu?" Wengi wetu tunaukumbuka mtindo huo. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Akilifikia aliandikishwa, akishindwa alirudishwa nyumbani.

Mtindo huo ulikuwa na sababu yake. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi kulingana na mwili wake. Anapofika miaka sita au saba hivi, mikono huwa imerefuka kiasi cha kulifikia sikio. Lakini kinachopimwa hapo ni urefu wa mkono tu. Mkono hauwezi kukuambia kama mtoto anaweza kujieleza, kama anavumilia kuachana na mama yake, au kama anaweza kwenda chooni. Tena mtoto aliyedumaa kwa lishe duni anaweza kulikosa sikio na kurudishwa nyumbani ingawa umri wake umetimia. Na kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, kipimo hiki hakisemi lolote. Siku hizi tutumie kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa kujua umri, kisha tumtazame mtoto mwenyewe.

UMRI UNASEMAJE

Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaja kusema kwamba elimu ya awali ni ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5. Tangu Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada kuanzia darasa la awali. Kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto mwaka ule wa awali kabla ya darasa la kwanza. Ni haki yake, na una faida kubwa.

Lakini "kati ya miaka 3 na 5" haina maana kwamba kila mtoto lazima aanze akitimiza miaka mitatu. Hapo katikati pana nafasi ya mzazi kutazama na kuamua. Mtoto mmoja anaweza kuwa tayari akiwa na miaka mitatu na nusu, na ndugu yake wa tumbo moja akawa tayari akiwa na minne na nusu. Wote wawili ni wazima.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mtazame mwanao kwa wiki mbili au tatu katika shughuli zake za kawaida. Usimfanyie mtihani. Jiulize mambo haya:

1. Je, anaweza kuachana nawe kwa saa chache? Ukimwacha kwa shangazi au jirani anayemfahamu, analia kidogo kisha anacheza? Kilio cha mwanzo si kitu. Tatizo ni mtoto anayelia muda wote na kukataa chakula mpaka urudi.

2. Je, anaweza kueleza shida yake? Mtoto wa miaka mitatu huunganisha maneno matatu au zaidi, na hata mtu asiye wa nyumbani humwelewa kwa sehemu kubwa. Aweze kusema "nina kiu", "tumbo linauma", "yule amenipiga".

3. Je, anajua haja inapombana, na anasema mapema? Watoto wengi huwa wakavu mchana kati ya miaka miwili na minne. Kukojoa usiku ni jambo jingine, huchelewa kuisha, na si sababu ya kumzuia.

4. Je, anaweza kula mwenyewe, kunawa mikono akikumbushwa, na kuvaa au kuvua kaptura bila msaada mkubwa? Vifungo vinaweza kumshinda, si neno.

5. Je, anafuata maagizo mawili yanayofuatana? Kwa mfano: "Chukua kikombe, kampe bibi."

6. Je, anapenda kuwa karibu na watoto wenzake? Asitegemewe kugawana kila kitu bila ugomvi, lakini aweze kungoja zamu yake kidogo.

7. Je, anaweza kutulia kwenye jambo moja kwa dakika chache, kama kusikiliza hadithi fupi au kupanga vifuniko vya chupa?

8. Je, ana nguvu za kutosha asubuhi nzima, au ifikapo saa nne anasinzia? Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Kama lazima aamke saa kumi na moja alfajiri, basi saa moja usiku awe kitandani.

Akiwa na nyingi kati ya hizo, anaweza kuanza. Akikosa mbili tatu, msaidie nyumbani kwa miezi michache, kisha umtazame tena.

YASIYO DALILI

Kuhesabu hadi ishirini kwa kukariri si dalili. Hata kasuku hukariri. Urefu wa mwili si dalili pia. Mtoto mwenye umbo kubwa mara nyingi huonewa kwa kudaiwa mambo ya wakubwa. Na kuwa mtoto wa jirani ameanza si dalili kabisa.

Vilevile, mtoto anayezungumza Kiluguru nyumbani asidhaniwe kuwa mzito kwa sababu Kiswahili chake bado kichanga. Mtoto anayesimulia vizuri kwa lugha ya bibi yake ana akili timamu ya lugha. Mfundishe mapema maneno machache atakayoyahitaji sana: "Naomba maji." "Naomba kwenda chooni." "Naumwa." Hayo matatu yatamfaa kuliko a, e, i, o, u.

NJIA NAYO IPIMWE

Hapa kwetu Uluguru hatuwezi kuzungumzia utayari wa mtoto tukaiacha njia. Mteremko ambao wewe unaushuka kwa robo saa, miguu ya miaka mitatu huumaliza kwa muda mrefu zaidi, na kurudi ni kupanda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vijito hufurika ghafla na njia huteleza. Tembea njia hiyo pamoja na mtoto, kwa mwendo wake, kwenda na kurudi. Akifika amechoka kiasi cha kubebwa, jibu umelipata. Na asikabidhiwe kwa kaka wa miaka minane avushwe mto. Kaka naye ni mtoto.

Kama shule iko mbali, ulizeni katika serikali ya kijiji habari za shule shikizi, au wazazi wa kitongoji wakubaliane kuanzisha kituo cha malezi karibu, kwa kumshirikisha afisa ustawi wa jamii. Suluhisho lisiwe kumpeleka mdogo bweni. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ilifanya vema. Umri huo mtoto anahitaji kulala karibu na anayemlea.

KABLA HAJAANZA

Mtoto anayeingia kwenye kundi kwa mara ya kwanza atapata mafua, kikohozi, upele na kuhara mara nyingi zaidi kuliko alipokuwa nyumbani. Basi mwandae:

- Tazama kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi 9 na miezi 18. Wengi husahau ile ya pili. Matone ya vitamini A na dawa ya minyoo hutolewa kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano.

- Pima masikio kwa njia rahisi. Simama nyuma yake hatua chache anapocheza, umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, au sikio likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya. Watoto wengi wanaoitwa wakaidi darasani hawasikii vizuri.

- Mpe uji kabla ya kutoka, hata kama ni mapema. Uwe mzito, wenye karanga zilizosagwa au maziwa. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kungoja saa sita nzima. Mfungashie ndizi au kiazi.

- Mfundishe kunawa kwa sabuni, na zoezi la kuchuchumaa kwenye choo cha shimo akishikwa mkono.

KITUO NACHO KIWE TAYARI

Mtoto kuwa tayari ni nusu ya jambo. Nenda ukakae asubuhi moja pale unapotaka kumpeleka. Tazama kama watoto wanacheza, wanaimba na kusimuliwa hadithi, au wamefungiwa kwenye madawati wanakopi namba. Vidole vya miaka mitatu havijakomaa kwa penseli. Huimarika kwa kufinyanga udongo, kupanga mawe na kuchora mchangani. Ukiona fimbo mkononi mwa mlezi wa watoto wadogo, geuza njia. Uliza kama kuna uji, maji safi, choo kidogo, na mahali pa kulala kidogo. Uliza pia kama kituo kimesajiliwa.

WIKI ZA KWANZA

Siku ya kwanza kaa naye kidogo. Siku zinazofuata punguza muda. Unapoondoka muage, umwambie utarudi baada ya nini: "Nitakuja mkishakunywa uji na kucheza." Usitoroke kwa mlango wa nyuma, maana mtoto aliyetorokwa hujifunza kutokuamini. Kilio cha asubuhi kwa wiki mbili tatu ni cha kawaida.

Lakini kama baada ya mwezi mtoto bado hali, anakojoa tena kitandani, anaweweseka, au amekuwa kimya kuliko alivyokuwa, msikilize. Usimchape. Zungumza na mwalimu, angalia kama kuna anayemwonea, na umlete kliniki apimwe. Ikibidi, mpumzishe. Kumrudisha nyumbani kwa muda si aibu kwa ukoo.

Na mtoto wa miaka mitatu ambaye haunganishi maneno, haelewi agizo dogo, hakutazami usoni, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingojewe "atakua tu". Mpeleke kituo cha afya mapema. Msaada wa mapema hufaa zaidi.

Yule mjukuu aliitiwa kikao cha nyumbani. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo bila mjomba jambo lisingekwisha. Bibi alieleza, mama akaeleza, mjomba akasikiliza, akakubali. Mtoto akabaki nyumbani, akacheza na wenzake wa kitongoji, na bibi akamfundisha kunawa, kuchuchumaa na kusema "naomba". Januari iliyofuata alianza tena, akiwa na miaka minne na nusu, kwenye darasa lililo upande huu wa kijito. Bibi alipoletwa kliniki na goti lake, aliulizwa habari za mjukuu. Akacheka: "Sasa siku ya Jumamosi analia kwa sababu hakuna shule."

Haraka haraka haina baraka, ndugu mzazi. Mtazame mwanao. Yeye mwenyewe atakuonyesha siku yake.