Mtoto na Ngome ya Mombasa

Wazazi wengi wa Mombasa hudhani kwamba historia ni kazi ya mwalimu peke yake. Lakini mtoto wa miaka sita hajali tarehe. Yeye hutaka kuona na kugusa. Basi yafaa apelekwe Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aguse kuta za matumbawe, ahesabu mizinga, kisha aulizwe: mawe haya yalitoka wapi, na ni nani aliyeyabeba? Aachwe afikiri kwanza kabla ya kuambiwa.

Jioni apelekwe kwa nyanya yake, au kwa jirani aliye mzee. Toka mwaka 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa gereza, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wazee walioiona ingali gereza sasa wamepita miaka sabini, nao wazidi kupungua. Kuta zitadumu, bali wayakumbukayo wazee hayakuchorwa juu ya mawe. Mtoto asipouliza leo, kesho atauliza naye hatapata wa kumjibu.