Kiambishi Kilichouza Shamba

Wanafunzi wangu wa mofolojia hulalamika kwamba ninawarudisha mno kwenye kiambishi -ta-. Hawajui kwamba kiambishi hicho kiliuza ekari mbili za baba yangu mdogo.

Machi 26, 2012, ilitangazwa kwamba kampuni ya Tullow imegundua mafuta katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Wiki tatu kabla yake, mradi wa LAPSSET ulikuwa umezinduliwa Lamu: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta, Isiolo ikiwa njiapanda yake. Nasi wa Ruiri tu majirani wa Isiolo. Basi, pasipo kuchimbwa kisima hata kimoja kwetu, mafuta yakaingia vinywani. Bomba litapita. Bei itapanda. Vijana wataajiriwa. Nani angebisha? Madalali wakafuata, nao hawakuuza wala kununua kingine ila wakati ujao.

Baba mdogo aliniletea hati ya mauzo. "Mwalimu, hebu nisomee." Nilisahihisha tahajia mahali pawili, nikamrudishia. Sikumwuliza atalima wapi.

Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Mwaka 2016 Uganda, iliyotarajiwa kushirikiana nasi, ikachagua bomba lake lipite Tanzania hadi Tanga. Juni 2018 malori yakaanza kuyatoa mafuta ghafi Turkana, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikang'oa nanga Mombasa. Malori hayo yalipitia Kitale na Eldoret. Ruiri haikupata hata vumbi lake. Sheria ya Petroli ya 2019 iliitengea kaunti yenye mafuta asilimia 20 ya fungu la serikali, na jamii ya hapo asilimia 5. Aliyeuza shamba kwa tetesi, mbali na kisima, hakutajwa, na sioni angetajwaje. Mwaka 2025 Tullow yenyewe iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy.

Bomba la kwenda Lamu halijajengwa. Zile ekari mbili zimezungushiwa seng'enge na kuota magugu. Baba mdogo amekodi nusu ekari kando yake, analima maharagwe. Likizo iliyopita alinikuta nimesimama penye seng'enge hiyo, akaniuliza, bila kejeli yoyote, "Mwalimu, wewe uliyesoma, litapita kweli?"

Nilimwomba jembe nimsaidie kupalilia.