Saa ya babu yenye namba za kung'aa: usiikwangue, huenda ina radiumu ya Shinkolobwe

Mzee akifariki Lubumbashi, Likasi au Bukavu, watoto hukaa pamoja na kugawana vitu alivyoacha. Mara nyingine, chini ya karatasi na picha za zamani, hutokea saa ya mkono, ile ya kutia ufunguo, iliyosimama tangu miaka mingi. Anayeirithi huwa na hamu moja: saa iende tena na ing'ae kama ilivyokuwa.

Hamu hiyo ni nzuri, lakini kuna hatari ya kujua kwanza. Saa nyingi za zamani zilipakwa kwenye namba na mishale rangi inayong'aa gizani. Mpaka miaka ya 1960, rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na radiumu, madini yenye mionzi. Na katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani ilitoka hapa kwetu Kongo.

Kutoka Katanga hadi mkononi

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp aligundua uraniumu huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilisafirisha mawe hayo hadi Ubelgiji, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radiumu. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri mkubwa mno, hata migodi ya Marekani ikashindwa kushindana nayo. Ni Kanada ndiyo iliyokuja kugawana soko hilo katika miaka ya 1930.

Leo Shinkolobwe inajulikana zaidi kwa bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Lakini miaka 20 kabla ya bomu hilo, madini yake yalikuwa tayari yanatumika hospitalini na kwenye saa.

Ubaya wake ulionekana mapema. Katika viwanda vya saa vya Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo walilamba brashi ili ncha yake iwe nyembamba. Mwili huipokea radiumu kana kwamba ni kalsiamu, na hivyo ikaingia mifupani mwao. Taya za wengi zikaoza, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1928, wanawake watano wa New Jersey waliokuwa wamefungua kesi walilipwa fidia kwa mapatano.

Haing'ai tena, lakini mionzi ipo

Wengi hudhani kwamba saa isiyong'aa tena haina shida. Sivyo. Kinachochakaa ni unga wa zinki na salfa uliochanganywa na radiumu ili kutoa mwanga. Radiumu yenyewe huchukua miaka 1.600 kupungua kwa nusu. Saa iliyotengenezwa mwaka 1940 bado ina karibu radiumu yote iliyowekwa siku ile.

Namna ya kuitambua ni kutazama uso wa saa. Ikiwa rangi ya namba na mishale imenenepa kidogo na imegeuka kahawia au manjano ya kuungua, na saa ni ya kabla ya miaka ya 1960, ichukuliwe kuwa ina radiumu. Ikiwa chini ya namba 6 kuna herufi T, mara nyingi hiyo ni tritiumu, iliyokuja baadaye na ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa isiyo na rangi ya kung'aa kabisa haina shida hiyo.

Saa ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, hatari ni ndogo. Hatari kubwa inaanza pale inapofunguliwa, kwa sababu rangi kavu hugeuka vumbi, na vumbi hilo huingia kwa pumzi au kwa mdomo. Kwa hiyo usifungue kioo nyumbani, usikwangue namba, na usiwape watoto waichezee. Usiiweke karibu na kitanda. Ihifadhi mahali penye hewa ya kutosha. Ukiipeleka kwa fundi, mwambie kabla hajaifungua.

Kuiamsha bila kuiharibu

Kosa la kwanza la warithi ni kuilazimisha saa kwenda. Mafuta ya ndani hukauka na kuganda. Saa ikienda bila mafuta, vyuma vinakulana. Fundi anatakiwa kuifungua yote, kusafisha kila kigurudumu, na kutia mafuta mapya kidogo kidogo. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa.

Kisha saa hutiwa ufunguo mara moja kwa siku, saa ileile, polepole, na kuacha mara kifungo kinapokaza. Saa nyingi za aina hiyo huenda kati ya masaa 30 na 40 tu. Isiguse maji, hata kama imeandikwa kwamba inayavumilia, kwa sababu mipira yake ya kuzuia maji imezeeka. Isilazwe pia karibu na spika ya redio au simu: sumaku huweza kuifanya ikimbie.

La mwisho ni kujizuia. Kusugua kifuniko mpaka king'ae na kupaka uso upya huondoa alama ambazo mzee aliziacha, na hupunguza bei ya saa. Kwa saa yenye radiumu, kuacha uso wake jinsi ulivyo ni kulinda pia mapafu ya fundi na ya watu wa nyumbani.