MPAKA WA JUU NA MPAKA WA CHINI

Ukurasa wa Afya na Usalama



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kipindupindu na maji ya kunywa. Leo ninaomba tuzungumze juu ya mipaka ya machimbo. Utaniuliza: mpaka ni kazi ya mainjinia na watu wa ofisi, mganga msaidizi anatafuta nini pale? Nisikilize kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Jumatatu moja, wakati nilipokuwa nikifanya kazi upande wa Misisi, pikipiki ilisimama mbele ya dispansere. Juu yake walikuwa watu watatu: dereva, kijana aliyepoteza fahamu, na mwingine nyuma akimshika asianguke. Mguu wake wa kuume ulikuwa umepondwa kutoka gotini kwenda chini. Jioni waliletwa wengine, lakini hao hawakuhitaji bandaji tena. Mmoja wao alikuwa shemeji yake yule kijana.

Mashimo yao hayakuwa ya kampuni. Walikuwa wachimbaji wa mkono, kila mmoja na shimo lake, na kati ya mashimo hayo walikuwa wamesimika mti wa mkaratusi wenye kitambaa chekundu. Waliheshimiana. Hakuna aliyeusogeza mti ule hata kwa kidole. Lakini chini ya ardhi kila mmoja alifuata mshipa wa dhahabu, ile tunayoita filo, na filo haisomi kitambaa. Huyu alichimba kuelekea kwa mwenzake, na mwenzake akaja kuelekea kwake. Jiwe lililobaki katikati likawa jembamba kama ukuta wa nyumba. Siku lilipochoka, likaanguka pande zote mbili.

Mama mzazi wa marehemu aliniuliza: "Dokta, nani amevunja mpaka?" Sikuwa na jibu. Juu ya ardhi hapakuwa na aliyevunja kitu. Tangu siku ile nimejifunza kwamba kila shimo lina mipaka miwili, wa juu na wa chini, na ule wa chini ndio unaoua.

MPAKA WA KARATASI NA MPAKA WA JUU

Tuanze na ule wa juu. Katika nchi yetu kazi hii inaongozwa na Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Ardhi ya madini hupimwa kwa kare. Kare moja ina hektari 84.955, yaani karibu mita 920 kwa kila upande, na pande zake hufuata kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Ofisi ya Kadasta ya Madini, CAMI, ndiyo inayoandika kare gani ni ya nani.

Mwenye kibali cha kuchimba analazimika kuweka jiwe la mpaka kwenye kila pembe ya eneo lake. Tena anasimika nguzo ya kudumu yenye jina lake, namba ya kibali na namba ya eneo. Kwa hiyo ukikuta nguzo ya namna hiyo porini, usifungie mbuzi, usiing'oe ukatengenezea jiko. Anayeing'oa anamnyang'anya mwenzake njia ya kujua mahali alipo.

Wachimbaji wa mkono nao wana sheria yao. Sehemu zao hutengwa na serikali na huitwa ZEA. Mchimbaji awe Mkongomani, mtu mzima, mwenye kadi inayodumu mwaka mmoja, na awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Kanuni zinaweka mwisho wa kina kwenye mita 30. Watoto hawaruhusiwi. Huduma ya serikali inayowasaidia wachimbaji hao ni SAEMAPE, na mtu asione haya kwenda kuuliza.

Najua wengi wenu mna watoto na wadogo zenu wanaochimba kwenye vilima vya Fizi. Ukurasa huu si wa polisi. Sisi tunataka arudi nyumbani ale bugali na ndagala kama kawaida.

MPAKA WA CHINI UNAPIMWA NAMNA GANI?

Hapa ndipo penye somo. Huna mashine ya kupimia? Haidhuru. Tafuta kamba, dira ile tunayoita busole, daftari na vijiti.

Funga fundo kwenye kamba kila baada ya mita moja. Mara moja kwa juma, watu wawili washuke na kamba hiyo. Kuanzia chini ya mdomo wa shimo, wapime galeri mpaka pale linapogeuka, wasome busole inaonyesha upande gani, waandike. Wasiweke nyundo wala chuma karibu na busole, maana chuma huidanganya. Wapime tena kutoka pale mpaka kona nyingine, hivyo hivyo hadi mwisho wa galeri.

Wakipanda, warudie safari ileile juu ya ardhi: hatua zilezile, upande uleule, kuanzia kwenye mdomo wa shimo. Pale wanapoishia wasimike kijiti chenye rangi. Kijiti hicho kinakuambia: "Wewe unayechimba, uko chini yangu." Ndipo mtu hushtuka. Mmoja anakuta kijiti kimesimama katikati ya shimo la jirani. Mwingine anakuta kimefika kandokando ya mto. Mwingine anakuta kipo nyuma ya nyumba ya watu waliolala.

Jihadhari na jambo moja. Galeri likiteremka sana, kamba inaonyesha urefu mkubwa kuliko safari ya juu. Kwa mteremko wa nusu ya pembe ya mraba, mita 10 za kamba ni kama mita 7 tu juu ya ardhi. Ukisahau hilo, kijiti chako kitasema uongo.

Majirani wawili wapatane mapema juu ya ukanda wa jiwe ambao hakuna atakayeugusa, hata filo ikipita humo iking'aa kama jua. Upana wake waulizwe kwa fundi au kwa msimamizi aliyeliona jiwe lenyewe, kwa kuwa jiwe gumu na jiwe lililooza haviwezi kuwa na kipimo kimoja. Ukianza kusikia nyundo ya mwenzako ndani ya jiwe, simama, panda, mkutane juu na madaftari yenu. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu vilevile.

JIWE, MAJI NA HEWA

Kwa nini mipaka hii miwili ni ya mganga? Kwa sababu ikivunjwa, vitu vitatu huingia mahali ambapo havikualikwa.

Cha kwanza ni jiwe. Nguzo iliyoachwa kati ya mashimo mawili imebeba mzigo wote wa kilima. Ukiichokoa kila siku kidogo kwa ajili ya dhahabu iliyomo, mzigo unabaki uleule, lakini mbebaji anakonda. Dalili zake ni hizi: vijiwe vinadondoka bila kuguswa, miti ya kushikilia dari inalia, ufa wa jana umepanuka leo. Usingoje dalili ya nne.

Cha pili ni maji. Shimo la zamani lililoachwa hujaa mvua, na juu yake huota majani, watu wakasahau. Chini, mchimbaji mpya anakuja kulikaribia. Kumbukeni hesabu hii: maji yenye kina cha mita 10 husukuma kila mita moja ya mraba ya ukuta kwa nguvu ya tani 10. Ni uzito wa lori lililojaa, linaloegemea kipande cha ukuta kisichopita ukubwa wa mkeka mdogo. Jiwe jembamba haliwezi. Ndiyo maana, unapochimba mahali ambapo babu zetu walichimba, lazima utangulize tundu dogo refu la chuma mbele yako. Likitoa maji, ziba, panda, uarifu wenzako.

Hatukusahau yaliyotokea Kamituga, jimboni kwetu Kivu ya Kusini, tarehe 11 Septemba 2020. Mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia kwenye mashimo ya machimbo yanayoitwa Detroit, na watu zaidi ya 50 wakahofiwa kufa. Wengi walikuwa vijana. Septemba ni mwanzo wa mvua hata kwetu Fizi. Mvua ikianza kunyesha kwa nguvu, wote wapande, hata kama filo imeonekana dakika ile. Na shimo lililo karibu na mto lisifunguliwe kabisa majira ya mvua.

Cha tatu ni hewa. Mashimo mawili yakikutana, hewa mbaya ya hili huingia katika lile. Jirani akiwasha motopompa ndani ya shimo lake, gesi ya moshi wake inaweza kukuua wewe usiye na motopompa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Mwali wa mshumaa ukififia unaonyesha kwamba hewa imepungua, lakini gesi ya motopompa hauionyeshi. Kwa hiyo mashine ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, na mpira peke yake ndio ushuke.

MAMBO SABA YA KUSHIKA

1. Kabla ya nyundo, karatasi. Ujue uko ndani ya eneo la nani.

2. Jiwe la mpaka na nguzo haviguswi. Ukiona kimoja kimeanguka, mwarifu msimamizi siku hiyohiyo.

3. Kila shimo liwe na namba iliyopakwa rangi mdomoni, na daftari la wanaoshuka na wanaopanda. Bila daftari, siku ya ajali hatujui tunatafuta watu wangapi.

4. Kila juma, kamba na busole, halafu kijiti juu.

5. Nguzo ya jiwe kati ya majirani si akiba ya siku ya njaa.

6. Shimo lililoachwa lifukiwe. Likishindikana, lizungushiwe miti imara, maana mtoto anayekwenda kuteka maji haoni kitu chini ya majani.

7. Mwenzako akianguka chini bila kupigwa na jiwe, usimfuate mbio. Amelala kwa sababu ya hewa, nawe utalala juu yake. Ita watu, pulizeni hewa kutoka juu, na anayeshuka afungwe kamba kifuani ili avutwe haraka.

JIWE LIKISHAMPIGA MTU

Damu ikitoka, gandamiza mahali hapo kwa kitambaa safi, usiachie kila dakika kuchungulia. Usimvute mtu kwa mikono wala kumkalisha kwenye pikipiki kama nilivyoletewa yule kijana: huenda uti wa mgongo umevunjika. Mlaze juu ya ubao au mlango, mfunge, mbebeni watu wanne. Mguu au mkono ukiwa umebanwa kwa saa nyingi, mwite mganga kabla hamjauondoa jiwe ikiwa inawezekana, na mwambieni umebanwa tangu saa ngapi. Nyama iliyopondwa hutoa sumu, na jiwe linapotolewa sumu hiyo huingia kwenye damu na kuharibu figo.

KWA AKINA MAMA

Mama, wewe hushuki shimoni, lakini unaweza kuuliza maneno matatu kila asubuhi: "Unashuka shimo namba ngapi? Nani anashika daftari? Juma hili mmepima?" Mwanaume akikosa jibu la hata moja, mwambie alipate kwanza. Akina mama wanaotwanga mawe nao wasikae chini ya ukingo wa udongo uliochimbwa, wala wasije na watoto wachanga kwenye vumbi. Habari za vumbi la mawe, kikohozi cha kifua kikuu na zebaki tutazieleza katika ukurasa unaokuja. Kwa sasa, anayekohoa zaidi ya majuma mawili aje dispansere apimwe makohozi.

Mnataka kujua habari za yule kijana? Mguu ulikatwa, lakini alipona. Miezi kadhaa baadaye nilimkuta amekaa kwenye mdomo wa shimo jingine, magongo yake mawili pembeni, daftari juu ya paja. Ndiye aliyekuwa akiandika wanaoshuka na wanaopanda, na kamba ya mafundo ilikuwa imezungushwa shingoni mwake. Watu wakubwa kuliko yeye walisimama mbele yake mmoja mmoja wakitaja majina yao. Kijana mmoja alitaka kupita bila kuandikwa, akisema anashuka mara moja tu kuchukua torshi aliyoisahau. Alimzuia kwa gongo.

"Sema jina lako," alimwambia. "Hata mimi siku ile nilishuka mara moja tu."

Nawatakia kazi njema na usalama, juu na chini.

Mganga msaidizi wenu