Kuinadi Filamu ya Uhalifu wa Kale na Kupokea Maoni ya Hadhira: Funzo la Mueda kwa Wanafunzi wa Sinema Wanaoilenga Olumbi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi wa sinema anavyoweza kuinadi filamu ya uhalifu iliyojengwa juu ya historia, na kukusanya maoni ya hadhira huko Olumbi, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Hoja kuu ni kwamba watu wa mahali panaposimuliwa wanapaswa kulisikia wazo la filamu kabla ya jopo la wafadhili, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kusema uhalifu wenyewe ni upi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayenadi filamu hupewa dakika chache. Jopo humuuliza mambo matatu: nani kauawa, nani anapeleleza, na gharama ni kiasi gani. Swali la gharama ni zito zaidi kwa filamu ya kale, maana mavazi, majahazi na bunduki za wakati huo havipatikani kwa urahisi. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu mkondo huu tangu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alipoanza kupeleleza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hata hivyo, katika pwani ya Palma swali la kwanza hutangulia hayo yote: kosa lilikuwa kosa kwa sheria ya nani?

2.0 Historia na Tatizo la Mhalifu

Mwaka 1887 Wareno waliitwaa Ghuba ya Tungi, iliyodaiwa na Sultani wa Zanzibar. Kionga, kaskazini mwa Palma, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani kuanzia 1894 hadi 1916. Kati ya 1891 na 1929 Kampuni ya Nyasa ilitawala eneo hilo kwa kodi ya nyumba na kazi za shuruti, na watu wengi walikimbilia ng'ambo ya Ruvuma.

Chukulia mswada wa kubuni: mtoza kodi wa Kampuni anakutwa amekufa ufuoni, na nahodha aliyewavusha wakimbizi anashukiwa. Kwa jopo la mjini, hiki ni kitendawili cha kufumbuliwa. Kwa mzee wa Olumbi, nahodha huyo aweza kuwa mwokozi, na upelelezi wenyewe ukawa mwendelezo wa dhuluma. Mwanafunzi asiyelijua hilo mapema atapiga filamu nzima akiwa upande asioukusudia.

3.0 Funzo la Mueda

Cabo Delgado ina kielelezo chake. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati uliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala huko Mueda. Baada ya uhuru wa 1975, wakazi waliliigiza tukio hilo mahali lilipotokea. Ruy Guerra aliurekodi mchezo huo katika Mueda, Memória e Massacre (1979), akauunganisha na ushuhuda wa watu walioyaona mauaji. Watazamaji walikuwa wamekwisha kuamua nani mhalifu. Mtengenezaji filamu alikuja kupokea hukumu hiyo. Vivyo hivyo, warsha ya Super 8 iliyoendeshwa na Jean Rouch katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mwaka 1978 ilikusudia picha zisafishwe upesi na kurudishwa kwa waliopigwa.

4.0 Namna ya Kukusanya Maoni

Kwanza, hoja isimuliwe kwa mdomo kabla ya skripti kukamilika, katika Kimwani au Kimakwe, Kireno kikibaki cha maandishi ya wafadhili. Pili, wanawake, wazee na vijana wasikilizwe kwa mabaraza tofauti. Kunyoosha mikono mbele ya viongozi huleta kauli moja tu. Tatu, badala ya kuuliza kama filamu imependeza, mtazamaji aombwe aisimulie upya. Pale masimulizi yake yanapoachana na filamu ndipo penye kasoro, au penye ukweli ambao mwandishi hakuujua.

Nne, usalama utangulie sanaa. Uasi ulianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021. Watu wengi wa wilaya hiyo wameonja ukimbizi. Mauaji ya kuigiza hayaonyeshwi kwa watu kama hao bila kuwaonya na kuwapa nafasi ya kuondoka. Vikao vidogo vya mchana vinafaa kuliko mikutano ya usiku. Majina na sura za watoa maoni visirekodiwe, na mjadala usivutwe kuelekea matukio ya sasa. Waliohamia Pemba nao wahesabiwe kuwa hadhira ya Olumbi.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Vyuo na wafadhili wanashauriwa kutenga fungu la bajeti kwa vikao viwili vya hadhira, kimoja kabla ya kupiga picha na kingine kabla ya uhariri wa mwisho, pamoja na malipo ya wakalimani. Jopo nalo limtake mwanafunzi aeleze ni maoni gani aliyakataa na kwa nini. Hatimaye, nakala ya filamu irudishwe Olumbi. Jamii iliyoombwa kumbukumbu zake ina haki ya kuona zilivyotumika.