Oili ya Gari Haifai Bodaboda
Hapa Kilindoni, ikija pikipiki ambayo klachi yake inateleza, swali langu la kwanza ni: umetia oili gani? Wengi hutia ya gari, eti 20W-50 ni ile ile. Namba hizo zinaeleza uzito tu. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, ndiyo maana klachi huteleza. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, yaani oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Kisha pima kiwango cha oili asubuhi, pikipiki ikiwa wima, kabla hujaanza safari. Injini ya 125 hubeba takribani lita moja. Robo ikipotea, ni nyingi. Haivuji, lakini inatoa moshi wa buluu? Ringi au sili za valvu zimechoka. Andaa hela ya kufungua injini.