Injini za boti za Johnson na Evinrude

Injini za boti za Johnson na Evinrude ni injini za kupachika, yaani injini zinazofungwa nyuma ya boti kwa skrubu za kubana na kuweza kuondolewa safari ikiisha. Zilitengenezwa Marekani katika karne ya 20. Kwa miongo mingi chapa hizi mbili zilitoka katika kampuni moja, Outboard Marine Corporation (OMC). Kuanzia miaka ya 1950 injini zake nyingi zilikuwa karibu sawa kabisa chini ya vifuniko vyenye rangi na majina tofauti.

Kwa sababu hiyo vipuri vingi vya Johnson huingia katika Evinrude ya mwaka uleule na nguvu ileile, na kinyume chake. Jambo hili ni muhimu kwa wenye injini kuukuu, kwa kuwa OMC ilifilisika mwaka 2000. Kipuri kisichopatikana kwa jina moja huenda kikapatikana kwa jina jingine. Hata hivyo, kipuri kilichofungwa kwa kukisia kinaweza kuharibu injini au kuizima boti ikiwa mbali na nchi kavu.

Historia

Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei mwaka 1877 na kukulia katika jimbo la Wisconsin, alianza kuuza injini zake za kupachika mjini Milwaukee mwaka 1909. Baadaye aliuza sehemu yake ya kampuni, kisha akarudi na chapa mpya iliyoitwa Elto. Mwaka 1929 Evinrude, Elto na Lockwood ziliunganishwa kuwa kampuni moja.

Johnson ilianzishwa na ndugu wa familia ya Johnson katika jimbo la Indiana mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha ikahamia Waukegan, Illinois. Mdororo mkubwa wa uchumi uliiangusha, na mwaka 1936 iliunganishwa na kampuni ya Evinrude. Kampuni hiyo ya pamoja ndiyo iliyokuja kuitwa OMC mwaka 1956.

Mwanzoni kila chapa iliendelea na miundo yake. Johnson na Evinrude za kabla ya mwaka 1950 kwa kawaida ni injini tofauti, ingawa mwenye mali alikuwa mmoja. Muungano wa karatasi ulitangulia muungano wa karakana kwa zaidi ya miaka kumi.

Baada ya OMC kufilisika, Bombardier ya Kanada ilinunua chapa zote mbili mwaka 2001. Utengenezaji wa injini za Evinrude ulikoma mwaka 2020.

Injini pacha

Miundo ya chapa hizi ilikaribiana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mfano ni injini ndogo ya nguvu za farasi 3: Johnson iliiita JW, na Evinrude iliiita Lightwin. Nyingine ni ya farasi 5.5 iliyotoka mwaka 1954, ambayo Johnson iliiita CD na Evinrude iliiita Fisherman. Zote ni injini za mipigo miwili zenye silinda mbili. Fundi anayeijua moja hahitaji kujifunza upya ili kuifungua nyingine.

Kufanana huko hakukuwa kwa chapa tu, bali pia kwa ukubwa. Bloku yenye ujazo wa takriban sentimita za ujazo 360 ilitumika kwa miaka mingi katika injini za farasi 18, 20 na 25. Vivyo hivyo, injini za farasi 9.9 na 15 zilizoanza mwaka 1974 zilitumia bloku moja, na tofauti yake kubwa ilikuwa kabureta: ile ya farasi 15 ilikuwa na koo pana zaidi. Ndiyo maana maandishi ya kifuniko si ushahidi wa kutosha wakati wa kununua injini iliyotumika. Kifuniko cha farasi 15 hukaa vizuri juu ya injini ya farasi 9.9, na kwa macho hakuna kinachoonekana kimebadilika.

Vipuri vinavyoingiliana

Mfano bora wa kipuri cha pamoja ni mfumo wa umeme wa kuwashia, yaani magneto, ulio chini ya flaiwili. Katika injini nyingi za silinda mbili za OMC, kuanzia farasi 3 hadi 40, za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, koili, platini na kondensa ni za aina moja. Platini ni ncha mbili za chuma zinazoachana ili kukata umeme na kuzalisha cheche. Nafasi yake ni inchi 0.020, yaani karibu milimita 0.5.

Koili za awali huzeeka kwa kupasuka ganda lake. Ufa ukiingiza unyevu, cheche hudhoofika na injini hugoma kuwaka. Kwa kuwa koili hiyo ilitumika katika modeli nyingi, bado inatengenezwa, na hivyo injini ya miaka 60 huweza kurudishwa kazini kwa urahisi kuliko nyingine zilizo changa kuliko hiyo.

Vipuri vinavyofanana bila kuingiliana

Tangi la mafuta ni mfano wa kufanana kunakodanganya. Injini nyingi za OMC za miaka ya 1950 hazikuwa na pampu ya mafuta. Tangi lake lilikuwa na mipira miwili iliyoshikana: mmoja ulipeleka shinikizo la hewa kutoka katika injini hadi kwenye tangi, na mwingine ulirudisha petroli kwenye kabureta. Karibu na mwaka 1960 pampu ya mafuta ilichukua nafasi ya mfumo huo, na tangi likabaki na mpira mmoja. Tangi la mpira mmoja haliwezi kulisha injini ya mipira miwili mpaka injini hiyo ifungwe pampu. Aidha, tangi la zamani lenye shinikizo likivuja hurusha petroli nje, jambo linaloweza kuleta moto.

Impela ya pampu ya maji, giaboksi na propela pia huhitaji kulinganishwa kwa modeli na mwaka, kwa kuwa vilibadilishwa mara kwa mara hata bloku ilipobaki ileile. Urefu wa shafti nao hutofautiana: fupi ni kwa boti yenye ubao wa nyuma wa takriban sentimita 38, na ndefu ni kwa ubao wa takriban sentimita 51. Shafti ya wima ya injini fupi haiwezi kufungwa katika injini ndefu.

Oili

Oili huchanganywa na petroli, na kiasi chake hutegemea umri wa injini. Kwa injini za kabla ya mwaka 1964, mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu 24 za petroli kwa 1 ya oili, yaani karibu mililita 420 za oili kwa lita 10 za petroli. Mwaka 1964 OMC ilianza kupendekeza 50 kwa 1, yaani mililita 200 kwa lita 10. Injini ya zamani yenye bushi za shaba badala ya beringi ikipewa mchanganyiko wa pili hukosa ulainisho wa kutosha na kusagika ndani, hata kama vipuri vyake vyote ni sahihi.

Kutambua modeli

Mwaka wa injini husomwa kwenye kibati kilicho karibu na mabano ya kufungia, si kwenye kifuniko. Johnson za miaka ya 1950 zilitumia herufi na namba, kama QD-15, na Evinrude zilitumia tarakimu. Kuanzia mwaka 1980 chapa zote mbili zilificha mwaka katika neno la Kiingereza INTRODUCES, ambalo herufi zake kumi hazijirudii: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9 na S ni 0. Kwa hiyo CO ni mwaka 1985. Herufi hizo mbili hufuatwa na herufi moja ya toleo.

Chapa nyingine

Maduka makubwa ya Marekani yaliuza injini kwa majina yao bila kuzitengeneza. OMC ilikuwa na kiwanda Galesburg, Illinois, kilichotengeneza Buccaneer, pamoja na Sea-Bee za Goodyear. Elgin za Sears zilitengenezwa kwa miaka mingi na West Bend, na Wizard za mwanzo za Western Auto zilitoka kwa Kiekhaefer, watengenezaji wa Mercury. Duka liliweza kubadili mtengenezaji huku jina likibaki lilelile. Hivyo injini mbili zenye jina moja huenda zisiwe na kipuri hata kimoja cha pamoja, ilhali Johnson na Evinrude, zenye majina tofauti, zina vipuri vingi vya pamoja.